Madirisha ya Kuteleza na Hewa Inayobaki Nje

Nyumba inayokarabatiwa Dar es Salaam unaijua kwa madirisha yake. Pita Sinza, Tabata, Kijitonyama au Ukonga: kabla ya rangi mpya, kabla hata ya vigae vya barazani, luva za vioo au madirisha ya mbao yameshang'olewa na fremu za aluminiamu zimeshapachikwa. Karibu kila mara ni dirisha la kuteleza, lile ambalo mafundi wanaliita slaidi, lenye vipande viwili vya kioo na wavu. Fremu za zamani zimeegemezwa ukutani zikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu.

Uamuzi huo huchukuliwa haraka kuliko uamuzi wa rangi ya sebule. Fundi anakuja na futi kamba, anataja bei ya dirisha la futi 5 kwa 5, mnapatana, anaondoka na malipo ya awali. Anachoulizwa ni rangi ya fremu na rangi ya kioo. Swali ambalo silisikii kwenye mapatano ya namna hiyo ni hili: dirisha hili likifunguliwa lote, linaacha nafasi kiasi gani ya hewa kupita?

Hesabu yake ni nyepesi. Dirisha la futi 5 kwa 5 lina futi za mraba 25. Likiwa la kuteleza lenye vipande viwili, kipande kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo kinachobaki wazi hakizidi nusu, futi za mraba 12 na nusu, na hapo bado hujatoa unene wa fremu. Luva ya ukubwa huohuo, ukivuta mkono wake mpaka vioo vilale, inafungua karibu dirisha zima. Dirisha la bawaba, la kioo au la mbao, nalo hufunguka karibu lote. Mtu anayeng'oa luva 8 na kuweka slaidi 8 za vipimo vilevile ameziba takriban nusu ya matundu ya nyumba yake, na ameilipia kazi hiyo.

Matokeo hayaonekani siku ya kukabidhiwa. Yanakuja Desemba na Januari, nyumba inapoanza kuitwa ya joto. Kwanza inanunuliwa feni ya pili, kisha kiyoyozi cha chumba cha wazazi, kisha watoto nao wanalalamika, na uniti za umeme za LUKU zilizokuwa zinatosha mwezi zinaisha ndani ya wiki mbili. Lawama anapewa muuza bati, au wanaambiwa kwamba hali ya hewa imebadilika. Huenda imebadilika kweli, lakini dirisha nalo limebadilika.

Pwani yetu ina joto la unyevu. Katika joto la namna hiyo jasho halikauki upesi, na mwili unapoa pale tu hewa inaposogea juu ya ngozi. Ndiyo maana mtu aliyekaa barazani kwenye nyuzi 31 huku upepo ukipita anastarehe kuliko aliyejifungia chumbani kwenye nyuzi 29 bila hewa. Upepo wenyewe tunao kwa ratiba: kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini mashariki sehemu kubwa ya miezi iliyobaki. Zote mbili zinakuja kwa upande wa bahari. Kwa hiyo dirisha la upande wa mashariki ndilo la kuingizia hewa, na la magharibi kazi yake kubwa ni kuitoa.

Hapo kwenye kuitoa ndipo nyumba nyingi zinapokwama. Nyumba ya Kiswahili ya korido katikati na vyumba huku na huku ina dirisha moja kwa kila chumba. Mlango ukifungwa usiku, upepo unafika dirishani na kugota, kwa sababu hauna pa kutokea. Wajenzi wa zamani waliacha tundu juu ya mlango, au ukuta wa chumba haukufika paani, hewa ikapita juu kwa juu. Ukarabati wa siku hizi unaweka dari ya jipsamu na kuziba tundu hilo kwa sababu linaleta kelele za televisheni. Ukitaka kujua kama dirisha jipya litakusaidia, anza kwa kuangalia hewa itatokea wapi. Kidirisha cha luva cha futi moja kwa mbili na nusu juu ya mlango wa chumba kinaweza kukupa nafuu kubwa kuliko kupanua dirisha la nje.

Haya si maarifa mapya. Waingereza Maxwell Fry na Jane Drew waliandika kitabu kizima mwaka 1956 kuhusu ujenzi wa nchi za joto na unyevu, na msingi wake ulikuwa kivuli na upepo. Tembea Upanga utazame maghorofa ya miaka ya 1950 na 1960: vyumba vyembamba vyenye matundu pande mbili, kinga jua za zege juu ya madirisha, matofali ya matundu kwenye ngazi. Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyokamilika miaka ya 1970, lilijengwa kwa miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua na kuacha hewa ipite chini yake. Majengo hayo yalisanifiwa wakati kiyoyozi kilikuwa kitu cha ofisi chache, na msanifu alijua kwamba akikosea, mkaaji atapikwa humo ndani.

Luva nayo, hata hivyo, isipambwe kuliko inavyostahili. Watu hawakuichoka bila sababu. Kioo cha luva kinachomoka kwa kukunja kishikizo chake tu, na kibaka mwenye subira anaweza kuchomoa vinne bila kuamsha mtu. Haifungi barabara, kwa hiyo vumbi la barabara ya mtaa linaingia mchana na muziki wa baa unaingia usiku. Mvua ya upepo inapita kati ya kioo na kioo. Chumba chenye kiyoyozi na luva ni sawa na kulipia ubaridi wa uani. Na vishikizo vya plastiki vikikauka kwa jua vinakatika, mkono unabaki unacheza, kioo kimoja kinalala huku vingine vimesimama. Mwenye nyumba anayetaka usalama, utulivu na kiyoyozi ana haki ya kuitoa.

Lakini nyingi ya kasoro hizo zinatibika bila kung'oa dirisha. Kioo cha luva kwa kawaida kina upana wa inchi 6, na duka lolote la vioo linakata kipande cha milimita 5 au 6 na kusaga kingo zake. Vishikizo vya chuma bado vinauzwa. Kibaka anazuiwa na grili ambayo hata slaidi itaihitaji. Mtu mwenye bajeti ndogo aliyekuwa abadilishe nyumba nzima afikirie kukarabati luva za vyumba vya kulala, abadilishe za sebuleni tu. Ataonekana amefanya nusu kazi machoni pa jirani, lakini usiku atalala.

Na ukiamua kubadilisha, slaidi siyo chaguo pekee la aluminiamu, ingawa ndiyo fundi atakayoitaja kwanza kwa sababu ni rahisi kuitengeneza na haihitaji bawaba nzuri. Dirisha la bawaba la kufungukia nje linatoa nafasi karibu yote na linashika upepo unaopita sambamba na ukuta, likaugeuzia ndani. Ubaya wake ni kwamba grili ya nje inalizuia, kwa hiyo grili lazima ihamie ndani, nao wavu unatafutiwa mahali pengine. Dirisha lenye bawaba juu, la kusukuma chini kwenda nje, linaweza kuachwa wazi hata mvua ikinyesha, jambo ambalo slaidi haiwezi. Kuna pia mchanganyiko ambao haupendwi sana na ungestahili kupendwa: kioo cha kuteleza chini, na juu yake safu ya luva tatu au nne inayobaki wazi usiku kucha. Hewa ya moto hupanda juu, na hapo juu ndipo inapotafuta njia.

Jua ni mjadala mwingine, na hapa wauza vioo wamefanikiwa kuuza dawa isiyotibu. Kioo cha rangi, cha bluu au cha giza, kinanunuliwa kwa imani kwamba kinazuia joto. Kinazuia kiasi, lakini sehemu ya joto kinalinyonya chenyewe, kinapata moto, kisha kinalirudisha chumbani. Kile cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia kinarudisha jua vizuri zaidi, na kinakupa faragha mchana. Usiku mambo yanageuka: taa ikiwaka ndani, wapita njia wanaona kila kitu na wewe huwaoni. Wengi wanaligundua hilo baada ya kuondoa mapazia.

Kivuli cha nje ndicho kinachofanya kazi, na kiasi chake kinahesabika. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata Juni linapoegemea kaskazini bado liko juu sana. Paa lililotokeza futi 3 karibu na kichwa cha dirisha linatosha kulifunika lote adhuhuri ya Juni kwenye ukuta wa kaskazini, na ukuta wa kusini unahitaji pungufu ya hapo. Magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na nusu jioni jua limeshashuka, na kulikinga dirisha la mita moja na nusu kwa paa peke yake ungehitaji paa lililotokeza zaidi ya mita 2 na nusu. Hakuna anayejenga hivyo. Dirisha hilo, kioo kikiwa cheupe na anga likiwa safi, linaweza kuingiza joto la zaidi ya wati 1,000, kama pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa sebuleni hadi jua lizame. Kwa dirisha la magharibi, ukarabati mzuri ni kulipunguza, au kuliwekea luva za mbao kwa nje, au kupanda mti. Kulikuza kwa ajili ya mandhari ni kosa ambalo kiyoyozi kitalilipia kila jioni.

Niseme hapa kwamba haya yote ni ya pwani na mabonde ya joto. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, au Mbeya, au Njombe ambako Juni na Julai jalidi hushuka, zina hesabu nyingine. Huko shida ni baridi ya usiku na upepo unaopenya kwenye nyufa, na slaidi nzuri yenye raba isiyolegea ina maana. Lakini hata huko sioni haja ya dirisha la vioo maradufu vyenye hewa katikati, linalosifiwa sana kwenye video za mafundi wa Ulaya. Lilibuniwa kuzuia joto la ndani lisitoroke wakati nje kumeganda. Ndani ya nyumba ya Mbagala isiyo na kiyoyozi, joto ndilo unalotaka litoroke.

Wavu watu wanauchukulia kama kifaa cha ziada, na fundi anauchukulia kama sehemu ya kubana matumizi. Haifai. Mwaka 2009 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Gambia: nyumba zilizowekewa nyavu milangoni na madirishani na kuzibwa upenyo wa chini ya paa ziliingiwa na mbu wa malaria pungufu kwa asilimia 59 kuliko nyumba zilizoachwa kama zilivyo, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache. Zilizowekewa dari ya wavu peke yake zilipata pungufu ya asilimia 47. Somo moja ni kwamba mbu wa malaria anapenda kuingilia juu, kati ya ukuta na paa, kwa hiyo dirisha jipya lenye wavu kwenye nyumba isiyo na dari limefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani. Lingine linatokana na dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake anauma mchana. Wavu unaofungwa jioni tu haumkamati.

Tatizo ni kwamba wavu nao unapunguza upepo, na wavu wenye vumbi unapunguza zaidi. Hapo ndipo nusu ya slaidi inapogeuka kuwa robo. Huko Magoda, wilayani Muheza mkoani Tanga, watafiti na wasanifu majengo walijenga nyumba 6 za majaribio, baadhi zikiwa za ghorofa, zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa badala ya kuta nzito zenye kidirisha kimoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nyumba za ghorofa ziliingiwa na mbu wachache kuliko zote. Kwa mkarabati wa mjini asiyeweza kupandisha ghorofa, somo liko kwenye kuta zile zinazopitisha hewa: ukiweka wavu, ongeza eneo la wavu. Kwenye slaidi, badala ya kipande kimoja cha wavu kinachosukumwa huku na huku, weka fremu ya wavu ya kudumu inayofunika dirisha lote, ya kutoa kwa skrubu chache ili ioshwe. Na uoshe.

Grili ni jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni. Nondo nene, zimechomelewa, zimezamishwa ukutani, kila dirisha la nyumba, na mlango wa mbele una geti lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko kwenye mkoba wa mama. Moto ukianzia korido, familia iko ndani ya kizimba. Afrika Mashariki imeshajifunza somo hili kwa bei kubwa. Mwaka 2001 katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi kwenda nje. Nyumbani hakuna anayetukagua. Kuondoa grili zote mjini ni ushauri usiotekelezeka, nami siutoi. Lakini ukarabati wa madirisha ndio wakati pekee ambapo fundi wa kuchomelea yupo na ukuta uko wazi: katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja iwe na bawaba na komeo la ndani lenye kufuli, na ufunguo wake utundikwe ukutani mahali mkono wa mtoto unafika lakini mkono unaopenyezwa kutoka nje haufiki. Gharama ya ziada ni bawaba na kufuli.

Kuhusu malighafi nitapita upesi. Aluminiamu haioti kutu nyekundu, ila haimaanishi kwamba hailiwi na chumvi. Kigamboni, Masaki, Nyali, popote unapoonja bahari hewani, fremu iliyopakwa rangi hafifu huota unga mweupe kwenye viungo, na mara nyingi chanzo ni skrubu ya chuma cha kawaida iliyopigwa ndani ya aluminiamu. Dai skrubu zisizoshika kutu, na uzione kwa macho kabla hazijaingia. Plastiki ngumu ya fremu nyeupe haijali chumvi, lakini ya bei rahisi hupauka na kukakamaa kwa jua. Madirisha ya chuma, ambayo Wakenya wengi bado wanayo, yanadumu mbali na bahari yakipakwa rangi kwa wakati. Mbao ya mninga au mtiki iliyokauka vizuri naiweka juu ya zote kwa nyumba yenye kibaraza, na kinachoniudhi ni kuona dirisha la mninga la miaka 40 lisilo na ufa likigeuzwa kuni kwa sababu tu limepitwa na wakati. Msasa, mafuta ya mbao na bawaba mpya vingelirudisha kazini. Mji Mkongwe wa Zanzibar hauachi hata nafasi ya mjadala: ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kabla ya kugusa dirisha linaloonekana nje unahitaji kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Vivyo hivyo Lamu, iliyoingia kwenye orodha mwaka 2001.

Sasa kufunga. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu madirisha mengi yanayolaumiwa kwa kuvuja hayana kosa; kosa liko kwenye kiungo kati ya dirisha na ukuta, na kiungo hicho hakimo kwenye bei aliyoitaja fundi wala kwenye mawazo ya mteja.

Kosa hilo linaanzia kwenye kung'oa. Fremu ya zamani ya mbao imeshikwa na vyuma vilivyozamishwa ukutani wakati wa kujenga. Fundi mwenye haraka anachukua nyundo ya kilo tano na kuigonga kutoka ndani, ukuta unamong'onyoka, lipu ya nje inapasuka hadi kwenye kona. Fundi mzuri anakata fremu kwa msumeno katikati ya kila upande, anaivuta vipande vipande kwenda ndani ya uwazi, kisha anakata vyuma kimoja kimoja. Anachukua muda mrefu, lakini fundi uashi hatakuwa na ukuta wa kujenga upya.

Halafu ukishaona tundu liko wazi, shauku inakuja ya kulipanua. Hapo simama. Juu ya dirisha kuna lenta, na ncha zake zinapaswa kukalia ukuta angalau inchi 6 kila upande. Ukikata futi moja kulia kwa ajili ya mwanga, unaweza kuwa umeiachia lenta hewani. Kupanua kwenda chini hakugusi lenta, na kwa nyumba nyingi ndiko kunakofaa zaidi, maana hewa ya chini ndiyo inayompata aliyelala kitandani.

Vipimo vinachukuliwa baada ya tundu kusafishwa, si kabla. Upana unapimwa juu, katikati na chini; urefu unapimwa kushoto, katikati na kulia; kinachoandikwa ni kile kidogo kuliko vyote, kisha kinapunguzwa takriban sentimita moja ili fremu ipate nafasi ya kupumua. Pima pia kona kwa kona. Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita, tundu limepinda, na dawa ni kulinyoosha kwa lipu kwanza. Slaidi iliyolazimishwa kwenye tundu lililopinda inateleza vizuri wiki ya kwanza, kisha magurudumu yanaanza kusaga upande mmoja. Fremu ikishakaa, pima maji iwekwe kwenye reli ya chini na timazi pembeni. Nimeona mafundi wanaotumia jicho, na jicho lao ni zuri, lakini kioo cha kuteleza kinaona nusu milimita.

Saruji mbichi inaunguza rangi ya aluminiamu. Kama lipu itapigwa baada ya fremu kufungwa, karatasi ya plastiki iliyokuja na fremu ibaki mpaka kazi ya majimaji iishe, halafu ibanduliwe siku hiyohiyo. Ikiachwa juani inashika, na hapo utaikwangua kwa kisu ukichubua kile ulichokuwa unakilinda.

Kuna tundu dogo ambalo ningependa kila mwenye nyumba alijue. Kwenye reli ya chini ya slaidi, upande wa nje, kunatakiwa kuwa na matundu membamba, marefu kama ukucha. Mvua ikipiga kioo, maji yanateremka na kuingia ndani ya reli. Ndivyo dirisha lilivyoundwa, halikusudii kuyazuia yasiingie humo. Yanatakiwa yatokee kwenye matundu hayo kwenda nje. Sasa sikiliza kinachotokea masika. Mama mwenye nyumba anapiga simu: "Fundi, maji yanaingia, zulia limelowa." Fundi anajibu, "Usijali mama, nakuja kuongeza silikoni." Anakuja, anaona matundu upande wa nje, anayahisi kuwa ndiyo yanayoingiza maji, anayaziba yote kwa silikoni safi iliyonyooka. Mvua inayofuata reli inajaa kama bakuli na kumwagikia chumbani. Anarudi tena na mrija wa pili. Mara nyingi dawa ilikuwa kuchukua waya na kuzibua mchanga uliokuwa umeyaziba tangu mwanzo, au kuyatoboa kama kiwandani walisahau.

Silikoni yenyewe si moja. Ile inayonuka siki ni ya vioo na bafu. Kwenye saruji haishiki sawasawa na baada ya msimu mmoja utaivuta kama uzi. Kwa kiungo cha ukuta na fremu inatakiwa ile isiyo na harufu hiyo, ya kazi za nje, na inapakwa kwenye ukuta mkavu uliopigwa brashi, wala si juu ya vumbi la lipu. Na hata iliyo bora haiwezi kushinda kizingiti kibovu. Kizingiti cha chini lazima kiteremke kwenda nje, kitokeze mbele ya ukuta sentimita 3 au 4, na chini ya ncha yake kiwe na mfereji mdogo wa kukatia maji, ili yadondoke badala ya kurudi nyuma na kulamba ukuta. Fundi vigae hapendi mteremko. Mkono wake umezoea kulaza kila kitu sawasawa. Usipomsimamia, atakuwekea kigae kizuri sana kinachoelekeza mvua sebuleni.

Kazi hii inafaa kufanywa kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepumzika, na chumba kwa chumba, fremu mpya ikiwa tayari iko uani kabla ya kung'oa ya zamani. Karakana ikichelewa wiki tatu, utakuwa unalala kwenye nyumba yenye matundu yaliyozibwa kwa turubai. Kwenye makubaliano yaandikwe unene wa kioo kwa milimita, aina ya wavu, idadi ya reli, skrubu, na nani anarudishia lipu na rangi. Kwenye slaidi ulizia pia vizuizi vinavyowekwa juu ya kila kipande ili kisiweze kunyanyuliwa na kutolewa kwenye reli kutoka nje. Ni vipande vidogo vya plastiki, na visipokuwepo komeo halina maana.

Hukumu yangu kwa nyumba ya kawaida ya pwani ni hii. Slaidi iwekwe sebuleni, na kwenye chumba kitakachokuwa na kiyoyozi kweli. Vyumba vya kulala vipewe madirisha ya bawaba, au slaidi yenye luva juu yake, au viachiwe luva zao zikarabatiwe. Jikoni na chooni luva haijapata mpinzani. Dirisha la magharibi lipunguzwe au likingwe kwa nje. Fedha itakayobaki iende kwenye wavu, kwenye grili ya kufunguka, na kwenye tundu la juu ya mlango wa chumba.

Na bakiza sehemu ya malipo. Siku fundi anaposema amemaliza, vuta mpira wa maji uani, lipige kila dirisha kwa nje dakika 10, mtu mwingine akiwa ndani na kitambaa kikavu mkononi. Fundi aliyefunga vizuri atakushikia mpira mwenyewe. Anayeleta sababu za kutolimwagia maji dirisha lake, usimlipe bakaa mpaka akubali.